Ua la Babu na tulipu zangu

Nilikuwa kimya, testi zilinibana kweli kweli. Leo nina kosa la kukiri.

Oktoba ya mwaka juzi nilikwenda nyumbani Milanzi, pale Sumbawanga, na vitunguu 6 vya tulipu nilivyopewa na rafiki aliyetoka Uholanzi. Ni zile fupi za asili ya porini, ambazo kwao ukizipanda mara moja zinarudi kila mwaka. Mimi nasomea kilimo cha bustani, basi kichwa kikavimba! Kwenye kona nzuri ya uwanja niliona majani makavu tu. Nikachimba, nikatupa, nikapanda zangu.

Bibi akatoka, akasimama. "Mjukuu wangu, hapo palikuwa na ua la babu yako."

Jamani! Marehemu Babu alilitoa mlimani mwenyewe: gladiola ya porini, Gladiolus dalenii, rangi ya chungwa na njano. Halikuwa limekufa, lilikuwa limelala. Kwetu Ufipa mvua zikikatika mwezi wa tano, linajificha ardhini, hata moto wa nyika unapita juu yake, mpaka mvua za Novemba ziliamshe.

Tulipu nazo hulala, ila kwao ni milima ya Asia ya Kati, kwenye theluji. Zinahitaji wiki kama 12 za baridi kali ndipo zichanue vizuri. Baridi yetu ya Juni inatuvalisha masweta, lakini kwa tulipu ni kama mzaha. Zikatoa majani mawili matatu, mvua za Januari zikaziozesha.

Sasa sikieni. Gladiola kila msimu huunda kitunguu kipya juu ya kile cha zamani, na pembeni vitoto vidogo vidogo. Niliponyanyua jembe, vitoto vilibaki udongoni. Februari Bibi akapiga simu: "Yameota, membamba kama nyasi."

Ila vitoto huchukua misimu miwili mitatu kabla ya kuchanua. Likizo hii nimekuta Bibi amepazungushia mawe, mwenye jembe asikaribie, hasa mimi, hahaha! Lakini Bibi amevuka miaka 80, na mimi naogopa kuhesabu misimu.

Jana nilimpigia, nikamuuliza kama amenisamehe.

"Lichanue kwanza," akasema.

Haya wadau, narudi maktaba.