Ukurasa Mmoja kwa Siku

Binti yangu ana miaka 13, na kila siku baada ya sala ya Alasiri huketi nami barazani tukasoma ukurasa mmoja wa taarikhi, wala hatuzidishi. Mtoto akilishwa sura nzima kwa usiku mmoja wa kungojea mtihani, asubuhi hukumbuka miaka, asiwajue watu walioishi ndani yake.

Juzi alipewa kazi ya skuli, aandike habari za Mombasa ya kale. Daftarini mwake somo lilianzia mwaka wa 1498, alipofika Vasco da Gama. Nikamfungulia tafsiri ya safari za Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja katika mwaka wa 1331, akielekea Kilwa. Humo mna habari za misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na visima milangoni, ambapo mwenye kutaka kuingia huosha miguu kwanza. Binti akapiga hesabu mwenyewe: miaka 167 kabla ya Mreno!

Kisha akaniuliza swali lililonifurahisha kuliko alama za mtihani (na alama, wallahi, nazipenda): “Baba, aliziandika papo hapo?”

Nikamwambia la, alimsimulia Ibn Juzayy huko Moroko, naye akaandika, kitabu kikamalizika mwaka wa 1355.

“Miaka 24! Basi huenda mengine aliyasahau.”

Akachukua kalamu, akaandika ukingoni mwa daftari: nani aliona, na lini iliandikwa. Tangu siku ile hata kitabu cha skuli hakisalimiki na maswali hayo mawili.