Usimwombee Mwenzio Kirungu

Mwanangu,

Siku hizi pumzi zinanipungua kila jua linapozama, na kabla hazijaniishia nataka ulisikie kwangu jambo nililolitenda nikiwa na mvi kichwa kizima, umri ambao mtu hudhani amekwisha kukomaa.

Ilikuwa Ijumaa, 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu. Kifo cha kwanza cha korona hapa Kenya kilikuwa kimetangazwa jana yake, na hofu ilikuwa imetukaa kooni kama mwiba wa samaki. Amri ilisema ifikapo saa moja usiku kila mtu awe ndani. Lakini saa moja haijafika, askari waliwaangukia watu waliokuwa wakingoja feri ya Likoni warudi kwao, wakawatupia vitoa machozi, wakawachapa virungu, wakawalundika chini wakikoholeana usoni, nasi tuliambiwa amri hiyo ni ya kutukinga na ugonjwa wa kikohozi.

Kesho yake asubuhi video ilitufikia barazani. Mimi babako, niliyekufunza kuonea watu huruma, nilisema, "Wacha wapigwe, watu wetu hawasikii bila fimbo." Wenzangu wakacheka. Muda si muda akapita yule mama wa mahamri, mkono wa kulia umefungwa leso, akatupakulia mbaazi kwa mkono wa kushoto, naye ni mtu asiyeweza kumpa hata mtoto kitu kwa kushoto. "Mniwie radhi wazee wangu," akasema, "huu wa kulia haunyanyuki." Hakuna aliyemuuliza kulikoni. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijichunguza. Mzee mwenzangu mmoja pale barazani alivilaani virungu hivyo hivyo mwaka 2017 vilipowashukia vijana wa chama chake. Wakubwa wa chama chake na wa changu walipopeana mikono Machi 2018 ulimi wake ukalainika, na asubuhi ile alicheka kunishinda. Mimi nami, niliyekuwa upande mwingine, sikuwa bora kuliko yeye. Tulikuwa hatuitazami fimbo, tunamtazama aliyeishika. Na usidhani maradhi haya yanakaa na chama kimoja. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania haikufunga watu majumbani. Mwisho wa Aprili 2020 ikaacha kutangaza hesabu za wagonjwa, na Juni rais wake Magufuli akasema korona imekwisha kwa maombi. Huku ukiuliza kwa nini watu wanapigwa, unaambiwa huujali uhai. Kule ukiuliza wagonjwa wako wangapi, unaambiwa unaleta hofu. Njia mbalimbali, lakini raia alitakiwa anyamaze kote kuwili, na wengi wetu, mwanangu, tulinyamaza kwa kupenda, kwa kuwa mwenye hofu hutamani sana mtu wa kumwamulia.

Sikuambii amri zote ni mbaya. Barakoa nilivaa, mikono niliosha, na wewe ukija wakati wa maradhi mengine, tii kwa akili. Najua utajikwaa, nami sitakupenda pungufu. Ila siku utakapojisikia moyoni unafurahi mwingine anapoadhibiwa kwa ajili ya usalama wako, simama hapo, ujiulize umekuwa nani.

Siku chache baada ya Likoni, kule Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi na polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Yuko nyumbani, mwanangu, kama amri ilivyotaka. Tarehe 1 Aprili Rais Kenyatta aliomba radhi kwa ukatili wa askari, na kafyu yenyewe ikaondolewa 20 Oktoba 2021.

Mimi radhi yangu sikuiomba. Nilikula mahamri ya yule mama miaka yote hiyo, na kila asubuhi neno linafika mdomoni, nalimeza na kahawa. Nikitangulia kabla sijalisema, nenda kwake wewe, umwambie nililolisema barazani siku ile, neno kwa neno, usilipunguze, kisha umwombee babako msamaha.