Nasoma Mto Mara Mbili kwa Siku

Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, nashuka mtoni kusoma geji. Geji ni ubao wa chuma wenye namba kama rula, umesimamishwa ndani ya maji ya Mto Njoro. Kazi yangu ni kutazama maji yamefika namba gani, niandike kitabuni, nitie sahihi. Watu wanaonikuta njiani wakiniuliza natoka wapi, nikiwaambia natoka kusoma mto, wengi hudhani nawatania.

Maji ya mto hayatulii. Yanaupiga ubao, yanapanda vidole viwili, yanashuka, yanapanda tena. Ukisoma kwa pupa utaandika uongo. Inabidi usimame, miguu uikite kwenye jiwe, uyatazame yakipanda na kushuka mara kadhaa, ndipo uchukue ya katikati. Ni dakika tano hivi za kutofanya jambo lingine lolote. Mwanzoni nilikuwa nasoma huku naongea na simu. Mwisho wa mwezi aliyekagua kitabu changu akazungushia namba moja kalamu nyekundu akaniuliza mto ulipandaje nusu mita kiangazi, bila tone la mvua. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo simu naizima kabla ya kuteremka.

Kabla ya geji nilikuwa mchota maji. Nilikuwa na punda wawili, mkokoteni na mitungi 16 ya lita 20, nateka mtoni nauza mtaa wa Njokerio na pande za sokoni. Kwa hiyo huu mto naujua kwa bega na kwa kalamu, na mengi ninayoyasema hapa sikuyasoma mahali.

Siku hizi watu wengi wanakuja mtoni kupumzisha akili. Wanatoka Nakuru mjini, wengine ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, wengine vikundi vya kanisa. Wanatandika shuka chini ya migunga, wanafumba macho, wanasikiliza maji. Nafurahi kuwaona. Mtu aliyekaa kando ya maji saa nzima bila kugombana na mtu hawezi kurudi nyumbani vile alivyokuja, na hospitali zetu zimejaa watu wa presha ambao hawajakaa hivyo hata siku moja. Lakini wanakaa pale ambapo mto unapendeza, na mto wetu unapendeza vipande vipande.

Jumamosi moja kikundi cha vijana kilikuwa pale chini ya geji. Kiongozi wao aliwaambia wanawe uso kwa maji ya mto, kila mmoja aanze upya. Ni jambo zuri, sikuona kosa. Mara msichana mmoja akakinga viganja akanywa. Nilipiga kelele hadi wote wakashtuka. Nikawaomba tupande pamoja hatua kama 200 tu, nyuma ya kona.

Nyuma ya kona ndipo punda huingia. Siku hiyo walikuwa tisa, maji yamewafika magotini. Punda akishaona maji hangoji ufungue mitungi. Anaingia nayo, anakunywa, na anakojoa papo hapo akinywa. Kando yao kijana alikuwa anaosha bodaboda, oili imetandaza rangi juu ya maji. Mama mmoja alikuwa anafua blanketi juu ya jiwe. Na katikati ya hayo yote wachota maji walikuwa wanajaza mitungi, kwa sababu pale ndipo kina kinaruhusu mtungi kuzama. Mimi mwenyewe nilijazia pale miaka mingi. Yule msichana aliniuliza mitungi ile inapelekwa wapi. Nikamwambia inauzwa mitaani, na hata chai aliyokunywa asubuhi huenda ilitoka humo.

Hakuna aliyekuwa anafanya ubaya pale. Mama anafua kwa sababu nyumbani hana bomba. Kijana anaosha pikipiki kwa sababu anatafuta chakula. Punda ni punda. Ubaya ni kwamba sote tunaingia mahali pamoja, na pa kuwanyweshea mifugo pembeni pakitengenezwa, karo la saruji na mfereji tu, hapana mtu wa kupatunza. Nimeshuhudia karo likipasuka mwaka wa kwanza na likageuka jalala mwaka wa pili.

Mto Njoro una kilomita 50 na ushei. Unaanzia msitu wa Mau ya Mashariki, unapita Nessuit, Egerton na Njoro mjini, unateremka Ngata, unapakana na mitaa ya Nakuru kama Kaptembwa na Rhonda, kisha unaingia Ziwa Nakuru. Kiangazi kikali hauingii popote, unaishia njiani, mchanga unaumeza. Mwenye kutaka kujua afya ya Mau hana haja ya kupanda hadi Mau. Aje asome kitabu changu.

Wazee wa hapa wanasema zamani mto ulipanda polepole na kushuka polepole. Mvua ikinyesha juu, maji yalikuja baada ya siku, yakakaa wiki. Mimi sijauona mto huo. Ninaouona mimi unapanda alasiri kwa kishindo, rangi ya chai ya maziwa, unabeba magunia na mabua ya mahindi, na kesho saa tatu umeshuka karibu ulipokuwa. Msitu unayashika maji kama blanketi linavyoshika unyevu, na blanketi letu limekatwa. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kutoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau ya Mashariki ziwe makazi na mashamba. Palipokuwa na mianzi na mitarakwa sasa pana viazi na mahindi hadi mdomoni mwa vijito. Siwalaumu wanaolima, wana watoto kama mimi. Nasema tu kwamba udongo wao naupokea mimi huku chini.

Naupokea kwa namna ambayo mtu wa nje hawezi kuidhania. Mwaka mmoja, baada ya mvua za masika, namba zangu zilikuwa nzuri mno. Kiangazi kilikuwa kimeingia na geji bado inasoma juu kuliko miezi iliyotangulia. Nilifurahi, nikamwambia mke wangu mto umepona. Halafu siku moja niliingia majini kung'oa gunia lililokwama, mguu ukazama kwenye tope laini hadi kwenye kigimbi. Nikachimba kwa mikono. Namba za chini za geji zilikuwa zimezikwa. Sakafu ya mto ndiyo iliyokuwa imepanda, maji yalikuwa yamebaki kidogo juu yake. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeandika udongo nikidhani naandika maji. Nilirudi kitabuni nikaweka alama kila ukurasa, na sikulala vizuri usiku ule.

Jirani zetu Waogiek, wa Nessuit na Mariashoni, hawahitaji geji. Wao wametundika mizinga msituni tangu babu wa babu zao, wanajua ua gani linafunguka mwezi gani na nyuki wanahamia upande gani. Mzee mmoja aliniambia nyuki wakikosa maua, mimi nitakosa maji, nisubiri tu. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafukuza katika msitu wa Mau. Hukumu wanayo. Wapo bado wanaoisubiri ifike msituni.

Kuna kitu kingine ambacho geji inasema na jicho haliwezi kusema. Saa tatu nasoma namba moja, saa tisa nakuta imeshuka sana, na jua la siku moja haliwezi kunywa vile. Hapo najua kuna pampu. Ukifuata ukingo utapata mpira umefunikwa kwa nyasi, unanyonya maji kupeleka kwenye kabeji au nyanya. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka mtu awe na kibali kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kanuni zinataka ukingo wa mto usilimwe angalau mita 6 kila upande. Niliwahi kumkuta mwenye pampu, tukakaa kwenye nyasi tukaongea kama ndugu. Akaniambia, "Mzee, maji ni ya Mungu." Nikamwambia kweli ni ya Mungu, na Mungu anao watoto Ngata pia. Alizima siku ile. Wiki iliyofuata alikuwa anaiwasha pampu usiku, wakati mimi nimelala.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia. Ukienda Nairobi ukacheka, mtu anakuambia umetoka Nakuru. Si uchafu, na hakuna mswaki unaotoa rangi hii. Ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuingia katika maji ya chini ya ardhi. Kipimo kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya pampu vya ukanda huu vinakivuka. Maji ya visima hivyo ni meupe, baridi, hayana harufu. Mtu akiyaweka kwenye glasi kando ya maji yangu ya mtoni yaliyovurugika, atachagua ya kisima bila kufikiri. Nilichagua hivyo. Nilipopata kazi nilijiambia wanangu hawatakunywa maji ya punda, nikawa nanunua ya kisima kwa ajili yao. Binti yangu alipoota meno ya ukubwani, yalitoka na madoa kama yangu.

Ndiyo maana nawaambia wanaokuja kukaa chini ya migunga: jicho ni zuri kwa kuupenda mto, lakini usilipe kazi ya kupima maji. Ya mtoni yanaleta homa ya matumbo na amiba, na magonjwa hayo yanazuilika kwa kuchemsha maji. Floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha sana maji yanapungua na floraidi inabaki ileile, kwa hiyo umeiongeza nguvu. Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na vinafanya kazi, mradi mifupa ibadilishwe ikichoka. Watu wanasahau kubadilisha. Kichujio kinakaa pembeni ya meza, kinatiririsha maji, na hakichuji kitu.

Turudi kwenye mto: unakoishia, Ziwa Nakuru, hakuna mto unaotoka. Kinachoingia kimeingia. Miaka ya katikati ya 1990 lilikauka hadi upepo ukapeperusha vumbi jeupe la magadi. Kuanzia miaka ya 2010 likafurika, likameza lango kuu la hifadhi inayolizunguka na kuwafuata watu wa mtaa wa Mwariki hadi majumbani, na heroe wengi wakahama wakaenda Ziwa Bogoria. Wataalamu wana maelezo yao, mvua na mwendo wa ardhi. Mimi najua tu kwamba lile tope lililozika geji yangu halikuishia miguuni pangu.

Nikiulizwa mto umenifaa nini, nasema umenipa dakika kumi za utulivu kila siku, tano asubuhi na tano alasiri. Kwa dakika hizo namwona fundichuma akisubiri chura kwenye jiwe lake, nawaona kaa wadogo wakirudi ukingoni punda wakiondoka. Wanafunzi wa Egerton walinionyesha kugeuza jiwe na kutazama wadudu wa chini yake: wakiwa wa aina nyingi maji yana uhai, wakibaki minyoo myekundu peke yake jihadhari. Sasa sipiti jiwe bila kuligeuza. Nimeacha kuosha mtoni bomba langu la kunyunyizia dawa. Nimepanda mianzi pale shamba langu linapogusa maji na nimeng'oa mikaratusi mitatu niliyokuwa nimeipanda mwenyewe. Hayo yametokana na kusimama na kutazama. Sikuhubiriwa na mtu.

Basi ukija Njoro, karibu. Njoo saa tatu tusome geji pamoja. Na kama una mtoto ambaye hajafika miaka minane, na mnaishi popote kati ya Mau na ziwa mkinywa maji ya kisima, usingoje meno yaote ndipo ujue. Jaza chupa safi ya lita moja, ipeleke maabara ya maji wapime floraidi. Na wakati unasubiri majibu, funga mfereji kwenye mabati, mvua ya kwanza iache imwagike ioshe paa, ya pili kinga kwenye tangi lenye kifuniko. Maji ya mvua hayana floraidi ya kumdhuru. Chemsha, yapoe, umpe mtoto hayo.