Sanaa ya Njia za Shaba

Mafundi wa elektroniki wa Ulaya na Marekani waliupa mchoro wa kibao cha saketi jina lenye maana ya kazi ya sanaa. Jina hilo lilinivuta mimi, mwalimu wa ushairi, nikataka kujua kama lilitolewa kwa haki au kwa majivuno.

Hapo kale kazi hii ilikuwa ya mkono. Paul Eisler, aliyezaliwa Vienna mwaka 1907, aliomba hataza ya saketi za kuchapwa mwaka 1943, akiwa Uingereza. Katika miaka iliyofuata, wachoraji walibandika utepe mweusi juu ya plastiki angavu, mara mbili au mara nne ya kipimo cha kweli, kisha kamera ikaupunguza mchoro. Siku hizi kompyuta imechukua nafasi ya utepe na kisu. Mimi hutumia KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa mwaka 1992.

Haja ndiyo iliyonifunza. Ninazo kanda za sauti za wazee wakighani tenzi, na mashine ya kuzisikilizia ilikufa kikuza sauti. Wengi wa wazee hao wametangulia mbele ya haki. Kanda nayo huchakaa kama mwili. Achelewaye kuisikiliza huwazika wenyewe mara ya pili.

Kazi huenda daraja kwa daraja. Kwanza huchorwa ramani ya saketi, isemayo kipi kiungane na kipi. Pili, kila kipande hupewa nyayo zake: kidude changu chenye miguu minane hutaka matundu yaliyoachana milimita 2.54. Tatu, vipande hupangwa, na nyuzi nyembamba huonyesha miungano ingojayo njia. Ndipo njia huchorwa, wala haziruhusiwi kukatana upande mmoja. Zikikabiliana, moja hutobolewa tundu ikapita upande wa pili. Njia ya umeme mwingi hupanuliwa. Njia ya sauti dhaifu hufupishwa na kutengwa na umeme, isije ikadaka mngurumo.

Kuchapa nako kuna hila. Mchoro uhamishwao kwa pasi kutoka karatasini hugeuka ukigusa shaba. Kwa hiyo upande wa chini huchapwa kama uonekanavyo katika programu, maana programu huutazama kutoka juu, kupitia kibao. Upande wa juu sharti ugeuzwe kama taswira ya kioo. Mambo haya yakivurugwa, mguu wa 1 wa kidude hukaa mahali pa mguu wa 8. Kisha kibao hutiwa katika feriki kloridi, shaba isiyofunikwa ikaliwa, na njia zikabaki.

Kabla ya kuchapa, programu hukagua kanuni: upana wa njia, nafasi baina yake, na miungano iliyosahauliwa. Hapo nilikutana na darasa langu. Kibao chaweza kuupita ukaguzi huo bila doa na kisifanye kazi, kwa kuwa kidude kikiunganishwa kinyume katika ramani, programu huichora kinyume hiyo kwa uaminifu mkubwa. Vivyo hivyo shairi laweza kutimiza mizani 16 katika kila mstari, likatunza vina vya kati na vya mwisho, na lisiseme neno. Kanuni ni bawabu mwema: humzuia mwenye nguo chafu, lakini hamwulizi mgeni aliyejipamba amekuja na habari gani.

Kikuza sauti changu kilipowashwa, nilisikia mzee akikohoa, kisha akianza ubeti. Ukaguzi haukuweza kuniahidi kikohozi kile.

Basi jina la sanaa lilitolewa kwa haki. Wanafunzi wanaodhani kompyuta itawaondolea mzigo wa kufikiri, na wenzangu wanaohesabu mizani wakaita hesabu hiyo uhakiki, wana somo moja la kujifunza kwa kibao cha shaba: usahihi ni njia, na njia husifiwa kwa kile inachokifikisha.