Majina Yana Wenyewe

Hajiri alikuwa kijakazi wa Kimisri, mjamzito, aliyetoroka mateso ya bibi yake na kuketi kando ya chemchemi kwenye njia ya kwenda Shuri. Hapo Maandiko ya Kiebrania yanasimulia jambo kubwa: mwanadamu anampa Mungu jina. Ibrahimu alipapa jina mahali. Musa na Gideoni walizipa majina madhabahu walizojenga. Hajiri alimpa jina Mungu mwenyewe, El Roi, Mungu anionaye, na kisima nacho kikaitwa Beer-lahai-roi. Kila ninapoanza darasa jipya la majina ya Mungu hapa Rebero, naanza na mwanamke huyu, ijapokuwa Elohimu ametajwa tangu aya ya kwanza ya Mwanzo. Nataka wanafunzi wajue mapema kwamba jina wanaloimba ibadani lilitoka kinywani mwa mtu, mahali panapojulikana, akiwa na shida yake.

Mimi ni mwalimu wa Biblia katika ushirika mdogo unaosali kwa Kiswahili. Tumo waliozaliwa Ngara na Karagwe, watoto wa wakimbizi, kama mimi, waliokulia Goma, Bukavu na Uvira, Warundi, Watanzania waliofuata biashara, na vijana wa Kigali waliojifunza Kiswahili shuleni. Mezani kuna Biblia ya Union ya 1952, kuna Bibiliya Yera na Bibiliya Ijambo ry'Imana za Kinyarwanda, na kuna nakala yangu ya Kiebrania ambayo wazee huomba kuishika hata kama hawawezi kuisoma.

Rebero ni kilima cha kusini mwa mji, na wageni hupanda kuja kuitazama Kigali. Kwetu kilima hiki kina uzito mwingine. Hapa pana makumbusho ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, walipozikwa watu zaidi ya 14,000, na pamoja nao wanasiasa waliouawa kwa kuwa walikataa kuunga mkono mauaji: Landoald Ndasingwa, Joseph Kavaruganda aliyekuwa rais wa Mahakama ya Katiba, mwanahabari André Kameya, na wengine. Kila tarehe 13 Aprili juma la maombolezo hufungwa hapa. Mwalimu anayesimama kwenye kilima hiki na kusema Mungu anaitwa Mwenye Kuona, lazima ajue anazungumza mbele ya nani. Darasani mwangu wamo waliojiuliza mwaka 1994, wakiwa kwenye mtaro au ndani ya dari, kama yupo anayeona.

Kwa sababu hiyo nina ugomvi wa kudumu na namna moja ya kufundisha majina haya. Utayaona yamepangwa kwenye bango, Yehova-yire wa riziki, Yehova-rafa wa magonjwa, Yehova-nisi wa kesi mahakamani, kila jina na kazi yake, na muumini anaelekezwa achague linalofaa haja ya leo. Nimesikia Yehova-yire akiitwa kwa ajili ya gari na kiwanja. Simkatazi mtu kumwomba Mungu kiwanja. Lakini turudi Mwanzo 22 tuone jina hilo limezaliwa wapi. Limezaliwa juu ya kuni, mtoto amefungwa kamba, kisu kimeinuliwa. Ibrahimu alipata jina lile baada ya safari ya siku tatu ambayo hakuna mzazi angeitaka. Anayelitamka ameazima kitu cha mzee yule, na mwazimaji mwenye adabu humjua mwenye mali.

Basi sheria ya darasa letu ni moja: kabla ya kuliomba jina, tunamtafuta mwenyewe. Alikuwa nani? Alikuwa wapi? Nini kilikuwa kimempata? Gideoni alipoiita madhabahu yake kwa jina la amani, alikuwa ametoka kupepeta ngano ndani ya shinikizo la zabibu, kwa kuwaogopa Wamidiani waliokuwa wakipora kila kinachovunwa. Na jina Bwana wa majeshi, linalotajwa kwa mara ya kwanza katika kitabu cha kwanza cha Samweli, wengi hudhani ni la wanajeshi. Anayelitumia kwanza katika maombi ni Hana, mke asiye na mtoto, anayechokozwa na mke mwenzake kila mwaka wanapokwenda Shilo. Hakuwa na jeshi wala silaha, naye ndiye aliyemwita hivyo. Hapa kwetu, ambako neno majeshi linaamsha mengi, kina mama huwa wanashusha pumzi wanapogundua kwamba jina hilo lilianzia kwenye machozi ya mwenzao.

Jina ambalo darasa limelifanyia kazi zaidi ni Shadai. Union imeliandika Mwenyezi, na msomaji hulipita akidhani linahusu nguvu tu. Nilianza kuwaambia watu wafuate kila mahali lilipo katika Mwanzo, wakiwa na kalamu mkononi. Sura ya 17, Mungu anajitambulisha kwa jina hilo kwa Abramu wa miaka 99 na kumwahidi uzao. Sura ya 28, Isaka anambariki Yakobo kwa jina hilo ili azae na kuongezeka. Sura ya 35, Yakobo analisikia mwenyewe, na ahadi ni ileile. Sura ya 43, Yakobo anamtuma Benyamini Misri na kumkabidhi kwa El Shadai, akisema kwamba akifiwa na watoto, basi amefiwa. Sura ya 49 jina linatokea tena kwenye baraka za matiti na tumbo la uzazi. Ukizisoma kwa mfuatano huhitaji mtaalamu akuambie. Shadai katika Mwanzo ni jina la Mungu anayeahidi watoto.

Sasa fungua Ruthu sura ya kwanza. Naomi anarudi Bethlehemu kutoka Moabu, amemzika mumewe, amewazika wanawe wote wawili. Wanawake wa mji wanamsalimu kwa jina lake, naye anakataa kuitwa hivyo tena. Halafu analalamika, na ndani ya malalamiko yale mafupi analitaja jina Bwana mara mbili na jina Shadai mara mbili. Angeweza kuchagua jina lolote. Amechagua lile la ahadi ya watoto, na analitumia kumshitaki aliyeahidi: umenipa kwa jina hili, umenichukulia kwa jina hilihilo. Ayubu anafanya vivyo hivyo. Shadai limo mara 48 katika Maandiko yote ya Kiebrania, na mara 31 kati ya hizo zimo katika kitabu cha Ayubu, kitabu cha mtu aliyefiwa na watoto kumi kwa siku moja.

Siku tuliyofika hapo, mama mmoja wa makamo, mjane wa 1994, aliomba Biblia apewe aisome mwenyewe. Aliisoma polepole, kwa Kinyarwanda kwanza, kisha kwa Kiswahili. Akaniambia: "Mwalimu, miaka yote wananiambia nisilie mbele za Mungu, nitakufuru. Huyu amelia na wakamwandika." Sikuwa na la kuongeza. Tangu siku hiyo anaomba kwa jina Shadai, na maombi yake si ya shukrani tu. Namsikiliza nikijua kwamba yuko ndani ya Maandiko kuliko wahubiri wengi waliowahi kumtuliza.

Hili ndilo ninaloliamini kwa moyo wote kuhusu majina haya: ni ushahidi. Shahidi hutoa ushahidi wa alichokiona, na ushahidi wake unaweza kuwa wa sifa au wa mashitaka. Waandishi wa Kiebrania wameuhifadhi wa namna zote mbili kwa majina yaleyale.

Juu ya yote lipo Jina lenyewe, herufi nne, yodi, he, wau, he, zinazoonekana zaidi ya mara 6,800. Hapa napita haraka, kwa kuwa watu hupenda kukesha wakibishana matamshi. Wayahudi waliacha kulitamka kwa heshima, wakasoma Adonai mahali pake. Wamasora, waandishi waliofanya kazi Tiberia na kwingineko karne nyingi baadaye, waliziwekea herufi zile alama za irabu za kumkumbusha msomaji aseme Adonai. Wasomaji wa Ulaya wa zama za kati wakazisoma herufi na irabu hizo pamoja, ndiyo tukapata Yehova. Union imeandika BWANA kwa herufi kubwa karibu kila mahali na kuacha YEHOVA mahali pachache, kama Kutoka 6:3. Bibiliya Yera imesema Uwiteka, Ijambo ry'Imana ikasema Uhoraho, yule aliyepo daima. Anayesema Yehova darasani kwangu hakosolewi. Namfundisha tu kuziona zile herufi kubwa, halafu nampa kazi ya nyumbani: Zaburi ya 14 na ya 53, aziweke sambamba. Ni karibu wimbo uleule, ila mmoja unasema BWANA pale ambapo mwingine unasema Mungu. Kijana mmoja fundi wa simu alirudi na madaftari mawili, amechora mistari ya rangi, macho yanang'aa. Alikuwa amegundua peke yake kwamba Zaburi za katikati ya kitabu, kuanzia ya 42 hadi ya 83, zinampendelea Elohimu. Wasomi wameandika vitabu juu ya jambo hilo, na yeye alilikuta kwa kalamu ya wino mwekundu.

Sisi Wanyarwanda tuna sababu ya kuyaelewa haya upesi. Kwetu mtoto hupewa jina lake mwenyewe wakati wa kuzaliwa, na wazazi huweka ndani yake wanachoshuhudia. Hakizimana: aokoaye ni Imana. Habyarimana: azaaye ni Imana. Bizimana: Imana ndiye ajuaye. Uwimana: wa Imana. Waebrania walifanya vivyo hivyo. Elisha ni Mungu ameokoa, na Isaya ni wokovu wa Yahu, kwa hiyo Hakizimana na Elisha wangekutana njiani wangeitana somo. Mapadri Weupe walipoanzisha misheni ya Save mwaka 1900, walichukua neno la Kiswahili Mungu katika mafundisho yao badala ya Imana, na Wakatoliki wengi wa Rwanda walisali hivyo kwa miongo kadhaa. Lakini majina ya watoto hayakusubiri katekisimu. Imana aliendelea kukaa ndani yao.

Na ndiyo maana orodha za waliouawa ni ngumu kusomwa. Aprili zinaposomwa, jina la Mungu linasikika mstari baada ya mstari, ndani ya majina ya watu. Mtu anayetaka kujua maana ya kulitaja bure jina la Mungu asiishie kwenye viapo vya sokoni. Aliyemkata Hakizimana kwa panga alilikata na lile lililokuwa ndani ya jina lake, na wengi wa waliokata walikuwa wamebatizwa. Makanisa ya Ntarama na Nyamata yapo hadi leo kama makumbusho. Naisema amri ya tatu kwa namna hiyo, bila kulainisha.

Hufurahi kuwaambia wanafunzi pia kwamba lile Jina la herufi nne si geni Afrika. Katika kisiwa cha Yebu, kwenye Nile karibu na Aswan, waliishi askari wa Kiyahudi waliomjengea Yaho hekalu. Mwaka 410 kabla ya Kristo hekalu lile lilibomolewa, na nyaraka zao za mafunjo zimesalia: wanaomboleza, wanafunga, wanaandika barua kwa mtawala mwaka 407 kuomba ruhusa ya kujenga upya. Maji ya Nyabarongo yanayopita chini ya vilima vyetu huingia Akagera, kisha Ziwa Victoria, kisha Nile, na hupita mbele ya kisiwa kile. Wazee wangu wa darasa hulipenda jambo hili kuliko hoja zangu zote za sarufi.

Somo la mwisho nimeliweka kwenye kitabu cha Esta, na kila kundi jipya linashangaa, kwa kuwa katika Esta ya Kiebrania Mungu hatajwi hata mara moja. Hamani anatoa amri kwamba Wayahudi wote waangamizwe, vijana kwa wazee, watoto na wanawake, siku moja, tarehe 13 ya mwezi wa Adari. Barua zinapelekwa kila jimbo. Mji wa Shushani unafadhaika. Watu wanafunga, na mwandishi hasemi wanamfungia nani. Mordekai anapomsihi Esta anasema wokovu utatoka mahali pengine, wala hasemi wapi.

Kuna wanaotafuta Jina lililofichwa kwenye herufi za mwanzo za maneno katika kitabu kile, na nawaachia furaha yao. Mimi nafundisha kilichoandikwa. Kitabu kinachosimulia mpango wa kuangamiza kabila zima kimewekwa ndani ya Maandiko matakatifu bila jina lolote la Mungu, na waliokikubali walijua kuhesabu. Hawakumlazimisha mwandishi aweke hata moja. Kwa hiyo Aprili inapofika na mtu akaniambia mwaka huu hana jina la kumwita Mungu, simpi orodha. Nampa Esta, sura kumi tu, aende nayo nyumbani, na nafasi yake darasani inabaki palepale hadi atakaporudi, akiwa na jina au hana.