Tulipokuwa Tukisomea Benki

Usaili wa mchujo una ukatili wake ambao mtihani wa shule hauna. Kidato cha nne ukijibu vizuri umefaulu, na mwenzako wa dawati la pili akijibu vizuri naye kafaulu. Kwenye ajira za benki nafasi ni chache, waombaji wanajaza ukumbi, na unaweza kupata alama nzuri kabisa ukabaki nje kwa sababu waliokuzidi wametosha. Kila anayejiandaa analijua hilo tangu siku anapopakia vyeti vyake kwenye mfumo wa maombi. Sasa mtu atatoaje moyo wake wote kwa jambo ambalo wengi lazima walikose?

Swali hilo nimetembea nalo tangu enzi zile tulipokuwa kikundi cha wahitimu Dar es Salaam, tukikutana jioni barazani kwa mwenzetu, Mabibo, kusomea usaili wa maofisa wa benki. Baadhi yetu walikuwa wamekaa mtaani miaka. Mmoja alikuwa na kibanda cha uwakala wa pesa za simu, na alikuja kwenye pindi akishafunga hesabu zake.

Wengi huanza kwa kusaka pasti pepa. Nasi tulikuwa nazo, mafaili yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mengine hayana majibu, mengine majibu yake yana makosa. Humo utakariri kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi Juni 1966, kwamba mabenki yalitaifishwa Februari 1967 baada ya Azimio la Arusha ikazaliwa NBC, na kwamba NBC hiyo ikaja kugawanywa mwaka 1997, NMB ikatokea hapo. Tarehe tupu hizo. Uliza kwa nini iligawanywa, ndipo utakapoanza kusoma kweli. Benki moja ilibeba karibu biashara yote ya kibenki Tanzania Bara, ikayakopesha mashirika ya umma na vyama vya ushirika ambavyo vingi vilishindwa kurejesha, hadi sheria ya mwaka 1991 ilipofungua mlango kwa benki binafsi. Aliyeielewa historia hiyo hahitaji kuwaza ukurasa anapokutana na swali la mikopo chechefu. Anajua kwa nini mkopo ukipita siku 90 bila marejesho kengele inalia, na kwa nini Benki Kuu inataka mikopo ya namna hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote.

Mizania nayo ilitugeuza vichwa. Mtu anapoweka shilingi 500,000 kwenye akaunti yake, kwake ni mali, lakini kwa benki ni deni, kwa sababu siku yoyote atakuja kuzidai. Mkopo unaomnyima mteja usingizi, kwenye vitabu vya benki ni mali. Ni jambo dogo kulisema, ila ukishalikubali moyoni huwezi tena kumtazama mzee aliyepanga foleni na kitabu chake cha akiba kama mtu aliyekuja kuomba. Yeye ndiye anayeidai benki.

Mwenzetu wa uwakala alituzidi wote kwenye mada ya ukwasi, ambayo vitabu huieleza kwa kurasa nyingi. Alituambia kwamba mwisho wa mwezi kila mtu anatoa, hakuna anayeweka. Floti kwenye simu imejaa, droo haina hata noti, na wateja wanaondoka wakisema hana pesa wakati pesa anazo, tena nyingi kuliko jana. Tangu siku ile sikuwahi kuchanganya benki yenye hasara na benki iliyokosa fedha taslimu kwa wakati.

Jioni moja tulikwama kwenye udhibiti wa ndani. Mama mwenye nyumba alikuwa katibu wa kikoba chao, na alikuwa akitusikiliza huku akichambua mchele. Akauliza, "Wanangu, mnahangaika na nini?" Tukamweleza. Akaingia ndani, akatoka na leja, akatuambia sanduku lenyewe halipo hapo. Liko kwa mwanachama ambaye hana ufunguo. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila kwenye kikao, hesabu zikisomwa kwa sauti mbele ya wote. Mtu akitaka mkopo anasimama anasema wa nini, na wadhamini wake wanasimama naye. Alituonyesha mstari ambapo jina lake mwenyewe lilikuwa limeandikiwa faini ya kuchelewa, kaiandika kwa mkono wake. Hayo ndiyo waandishi wa vitabu vyetu waliyaita mgawanyo wa majukumu na uwazi wa kumbukumbu, na akina mama wa Mabibo walikuwa wakiyafanya kila wiki.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote kilitoka kwenye mada ya riba, ambayo wengi wetu tuliidharau tukidhani ni hesabu za sekondari. Dada mmoja wa kikundi alileta karatasi ya mkopo wa shangazi yake, mama lishe. Alikuwa amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 20 kwa mwaka, marejesho 120,000 kila mwezi. Tukaichambua. Kila mwezi anapunguza deni kwa 100,000 na analipa riba 20,000. Mwezi wa kwanza haina neno, maana anadaiwa 1,200,000 kamili. Ila mwezi wa mwisho deni lililobaki ni 100,000 tu, na riba bado ni 20,000 ileile, kana kwamba hajalipa hata senti. Mwaka mzima riba inafika 240,000. Ingehesabiwa kwenye salio linalobaki, kwa asilimia hiyohiyo 20, mwezi wa mwisho angelipa riba isiyofika 1,700, na jumla ya mwaka ingekuwa 130,000. Tofauti ni shilingi 110,000, na mama huyo anazitafuta sahani moja moja ya wali maharage. Karatasi haikuwa na uongo. Iliandika asilimia 20, akasaini. Hakukuwa na mtu upande wa pili wa meza aliyeona ni wajibu wake kumweleza.

Barazani tulinyamaza. Mimi nilijiona nimepata jibu la swali langu. Tulichokuwa tukikisoma kilikuwa tayari kina mtu wa kumfaa, kabla jina la yeyote halijatoka. Tangu hapo nilisoma kwa namna nyingine. Kila mada nilijiuliza nitamwelezaje mtu aliyekaa mbele yangu na karatasi yake mkononi, na nikishindwa kueleza kwa Kiswahili cha kawaida nilijua bado sijaelewa.

Kulikuwa na waliotushangaa kwa kufundishana. Wanasema unayemgawia nondo leo ndiye atakayekukalia nafasi kesho. Nawaelewa, maana njaa ya ajira si mchezo. Hata hivyo sikubaliani nao. Mahojiano yanakuja baada ya mtihani wa kuandika, na pale mbele ya jopo unatakiwa ueleze kwa mdomo, kwa utulivu, na watu wanakukatiza. Aliyefundisha wenzake jioni baada ya jioni, akabishiwa na kusahihishwa, amezoea hali hiyo. Aliyejifungia chumbani na desa lake anaianza siku hiyo. Na ukiacha faida hiyo, sidhani benki inamhitaji ofisa aliyezoea kuficha anachokijua.

Lipo pia la nauli, na hili linaniuma. Matangazo ya usaili hueleza kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi, na aje na vyeti halisi. Kijana wa Sumbawanga anayeitwa Dodoma analala stendi ili aingie ukumbini asubuhi akashindane na aliyelala kwao. Ninafurahi kila ninaposikia usaili umefanyikia mikoani, na ningependa iwe ndiyo kawaida kwa kila mwajiri.

Majina yalipotoka, baadhi yetu waliitwa kwenye mahojiano, wengine hawakuitwa. Mwenzetu wa uwakala hakuwemo, ingawa kwa maoni yangu hakuna aliyeijua kazi ile kumzidi. Aliumia, na sikumwambia kwamba kila jambo lina sababu yake. Nilikaa naye kibandani. Baadaye alichukuliwa na SACCOS ya wafanyabiashara wa soko moja jijini, kwenye dawati la mikopo.

Shangazi wa yule dada alimaliza deni lake. Alipotaka mkopo mwingine alirudi kwa mkopeshaji wake wa zamani akiwa ameandika swali kwenye daftari la mauzo: riba inahesabiwa kwenye salio au kwenye mkopo wa mwanzo? Akajibiwa ni kwenye mkopo wa mwanzo. Akashukuru, akatoka, akaenda kujiunga na SACCOS ile ya sokoni, wanakohesabu kwa salio.