Juma Moja Kasese na Bwera: Siku Sita za Kutembea na Moja ya Kungoja

Safari njema hupangwa nyumbani kabla ya mzigo kufungwa. Askari apatapo likizo ya siku saba, na watoto wakiwa wamekwisha kuahidiwa kupelekwa kuuona mlima wenye theluji, jambo la kwanza alifanyalo ni kuhesabu fedha, na la pili ni kuhesabu siku. Jambo la tatu husahauliwa na wengi, nalo ndilo liifanyalo safari ya Kasese kuwa njema au mbaya: kuyahesabu maji.

Wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, ina sura mbili. Upande mmoja umesimama mlima Rwenzori, ambao kilele chake, Margherita, kina urefu wa mita 5,109. Chini yake umelala uwanda wa Bonde la Ufa, wenye joto kali, nyasi fupi na mashimo ya volkano za kale. Mgeni ashukaye uwandani katika mwezi wa Januari aweza kudhani kwamba amefika jangwani. Lakini jangwa hilo limepakana na mlima usioisha ukungu, na kutoka mlimani hushuka mito mikali: Nyamwamba, Mubuku, Nyamughasana na Lhubiriha.

MAJIRA

Mkaazi wa pwani akisikia neno vuli hufikiri mvua za kupita. Huko Kasese mambo si hivyo. Mvua za nusu ya pili ya mwaka huanza Agosti au Septemba na kuendelea hadi Novemba, nazo si ndogo. Za kwanza hunyesha tangu Machi hadi Mei. Miezi iliyo mikavu zaidi ni Juni na Julai, kisha Desemba hadi Februari. Mwenye uhuru wa kuchagua likizo yake na achague katika miezi hiyo. Lakini askari na polisi hawachagui sikuzote. Likizo huja siku itolewapo. Basi apewaye likizo ya Oktoba asikate tamaa, ila aupange mpango wake kwa namna nyingine.

Sababu ya tahadhari hii si ya kubuni. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake, ukabeba mawe makubwa na magogo, ukaua watu na kuzibomoa nyumba katika bonde la Kilembe. Mwezi wa Mei 2020 mito kadhaa ilifurika kwa pamoja. Madaraja yakachukuliwa, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa hata wagonjwa wakahamishwa. Jua laweza kuwa linawaka mjini Kasese huku mvua ikinyesha mlimani kusikoonekana, na baada ya muda mfupi mto uliovukwa asubuhi kwa miguu ukawa hauvukiki. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

MPANGO WENYEWE

Mpango ufaao huanza Jumamosi na kumalizika Ijumaa, kwa sababu itakayoelezwa mbele. Jumamosi ni ya kufika na kupumzika mjini Kasese. Mji huu ulikua kwa ajili ya reli na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika mwaka 1956, na mwaka huo huo migodi ya Kilembe ikaanza kutoa shaba. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na garimoshi la abiria halifiki tena. Jumapili, baada ya ibada, familia yaweza kwenda Kilembe, mwendo mfupi kutoka mjini, ikaone nyumba za wafanyakazi wa zamani zilizopangwa kwa safu bondeni, na mawe yaliyoachwa na mafuriko kando ya mto. Watoto wakiyaona mawe hayo hawatahitaji kuonywa mara mbili.

Jumatatu ni ya mlima. Ieleweke tangu mwanzo kwamba kufika kileleni si kazi ya familia. Safari ya kilele huchukua juma zima au zaidi, juu ya matope, barafu na mwamba, nayo hutaka viongozi, wapagazi na vifaa maalumu. Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipokifikia kilele hicho mwezi wa Juni 1906, alikuwa na msafara mkubwa. Lakini vilima vya chini havimkatazi mtu. Kutoka kijiji cha Nyakalengija, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, zipo njia za nusu siku zipitazo katika mashamba ya kahawa na migomba ya Wakonzo hadi ukingoni mwa msitu. Kiongozi mwenyeji huwaonyesha watoto kinyonga mwenye pembe tatu, na huwaeleza habari za Kithasamba, ambaye wazee wa Kikonzo waliamini kwamba makao yake yamo katika theluji ya juu. Theluji hiyo imepungua sana tangu 1906, na vilele vingine vilivyokuwa vyeupe sasa ni mwamba mtupu. Ukungu ukifunguka mapema asubuhi, mtu humaliza haja ya macho yake. Ukikataa kufunguka, hakuna wa kulaumiwa.

Kutembea kuanze alfajiri na kumalizike kabla ya saa nane mchana, kwani mvua nyingi hunyesha alasiri. Mto usivukwe ukiwa na rangi ya udongo, hata kama daraja lingali limesimama.

Jumanne haina kazi. Hii ndiyo siku ya akiba, na baba wa nyumba asishawishike kuijaza. Mvua ikinyesha Jumatatu, mlima utapandwa Jumanne. Ikiwa Jumatatu ilikuwa njema, Jumanne nguo zitafuliwa na kukauka, miguu itapona malengelenge, na mama naye atapata siku moja ya likizo iliyo likizo kweli. Wengi huiona siku hiyo kuwa hasara. Lakini mwenye siku saba aliyezijaza zote, akifungiwa njia na mto siku moja, hulazimika ama kuuacha mpango, ama kuuvuka mto kwa hasira. Na hilo la pili ndilo limegharimu maisha ya watu.

CHUMVI NA WANYAMA

Jumatano familia huteremka kusini kupitia Kikorongo, karibu na mahali ambapo barabara inakatwa na mstari wa Ikweta, hadi Katwe. Hapa ndipo lilipo jangwa la kweli la safari hii. Ziwa Katwe limo ndani ya shimo la volkano. Maji huingia na hayana pa kutokea ila kupaa kwa jua. Kandokando ya ziwa wenyeji wamechimba vidimbwi vingi, kila kimoja na mwenyewe, na humo chumvi hugandia. Wanaume huingia ziwani na kuvunja mabamba ya chumvi ya mawe. Wanawake hukusanya chumvi ya vidimbwini na kuibeba. Maji hayo huichubua ngozi, na kidonda kidogo huwa kikubwa. Katika miaka ya 1970 kilianza kujengwa kiwanda cha kisasa cha chumvi, lakini mabomba yake yaliliwa na chumvi ile ile, na kazi ikarudi mikononi mwa watu.

Mvua ikizidi, vidimbwi hujaa maji matamu na chumvi hupotea. Mwaka wa mvua ulio mwema kwa mkulima wa mlimani huwa mwaka wa njaa kwa mchimba chumvi, nao hawatenganishwi na zaidi ya mwendo wa gari wa saa chache.

Alhamisi ni ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa 1952. Kutoka Mweya mashua hupita katika mlangobahari mdogo wa Kazinga, uunganishao Ziwa George na Ziwa Edward, kwa muda wa saa mbili hivi. Viboko, nyati na ndovu huonekana kwa karibu. Alalaye Mweya asitembee nje usiku, kwa maana viboko hutoka majini kula nyasi kati ya nyumba.

BWERA SIKU YA SOKO

Sababu ya kuanza Jumamosi ni hii: soko la mpakani Mpondwe, jirani na Bwera, hukusanyika Jumanne na Ijumaa. Siku hizo Wakonzo wa Uganda na ndugu zao Wanande wa Kongo huvuka na mizigo ya muhogo, maharage, samaki, mchele na vitenge. Lugha zao ni karibu moja, na asiyezijua huongea Kiswahili. Mgeni atokaye Tanzania asishangae shikamoo yake ikikosa kuitikiwa, akisema, “Jambo sana, mama,” atajibiwa kwa furaha, na baada ya kununua atasikia, “Aksanti.” Chakula cha hapo ni bundu, yaani ugali wa muhogo, pamoja na samaki wa Ziwa Edward au sombe.

Mpaka si mahali pa mchezo. Tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, karibu na Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo watalii wawili na kiongozi wao waliuawa ndani ya hifadhi. Basi kabla ya kuondoka nyumbani, na tena mjini Kasese, habari za usalama ziulizwe kwa wakuu wa mahali. Askari aliye likizoni akumbuke kwamba huko ni mgeni: asivae sare, asipige picha za kituo cha mpaka wala daraja, na asivuke ng'ambo bila hati.

MZIGO

Kila mtu awe na sweta moja ya mlimani, nguo nyepesi za uwandani, viatu vilivyokwisha kuzoewa na koti la mvua. Vyandarua na dawa visisahauliwe, kwa kuwa malaria ni nyingi uwandani. Maji ya kunywa yachemshwe. Vitambulisho na fedha za nauli ya kurudi viwekwe mbali na fedha za matumizi, ndani ya mfuko usiopenya maji.

Kisha familia itarudi nyumbani. Huenda mtoto akasimulia habari za ndovu, na huenda akasimulia habari za Jumanne ile, walipokaa barazani tangu asubuhi wakiutazama mto ukipungua kidogo kidogo, hata mawe yakaanza kuonekana tena.